LAANA HAIKO KATIKA MAWE
Uhakiki wa nadharia ya "laana ya rasilimali"



Siku hizi, katika semina na madarasa yetu, kuna kauli moja inayorudiwa mno: kwamba nchi yenye madini mengi imelaaniwa. Mwanafunzi wa chuo huisema kwa lugha ya vitabu. Mzee wa kijiji kilicho kando ya mgodi huisema kwa lugha yake: tangu dhahabu ionekane hapa, amani imetuhama. Wote wawili wameona jambo la kweli. Lakini kuliona jambo siyo sawa na kulieleza. Mtu anayeona moshi juu ya nyumba akadai kuwa moshi ndio ulioichoma, macho anayo, ila maelezo hana.

Makala haya yanaihakiki nadharia hiyo. Hayakusudii kuwatetea wenye migodi. Yanakusudia kuonyesha kuwa nadharia hii, pamoja na takwimu zake zote, inamwondolea lawama anayestahili lawama na kuutwika mwamba. Na tukiisha kuwakosoa wengine hatuna budi kujikosoa wenyewe, maana sisi nasi tuna kosa letu: tumezoea kuupima mgodi kwa asilimia tunayopewa, badala ya kuupima kwa kile kitakachobaki siku utakapofungwa.

I. NADHARIA YENYEWE

Jina la "laana ya rasilimali" lilienea tangu mwaka 1993, msomi wa Kiingereza Richard Auty alipotoa kitabu chake kuhusu nchi zinazoishi kwa madini. Mwaka 1995 wachumi wawili wa Marekani, Jeffrey Sachs na Andrew Warner, walilinganisha nchi nyingi za dunia, wakaona kwamba tangu miaka ya 1970 zile zilizotegemea sana kuuza mali ghafi nje zilikua polepole kuliko zile zilizokuwa na mali ghafi chache.

Sababu zinazotolewa ni tatu. Kwanza ni bei ya madini, ambayo hupanda na kushuka bila taarifa, na serikali iliyopanga matumizi yake wakati wa bei nzuri hujikuta inakopa wakati wa bei mbaya. Pili ni ule uitwao "ugonjwa wa Kiholanzi". Uholanzi iligundua gesi nyingi huko Groningen mwaka 1959; fedha za kigeni zikamiminika, thamani ya sarafu ikapanda, na bidhaa za viwanda vya nchi hiyo zikawa ghali katika masoko ya nje. Tatu ni siasa: serikali inayopata fedha zake kutoka shimoni haina haja kubwa ya kumsikiliza mlipa kodi, na wakubwa hugombea shimo badala ya kushindana katika kuzalisha.

Tusiwe watu wa kukataa kila lisemwalo na wengine. Mambo haya matatu hutokea, na kada anayeyadharau atakuja kushtukia yamemfika. Swali letu ni jingine: je, mambo haya yanatokana na mawe, au yanatokana na namna watu walivyojipanga katika kuyachimba, kuyamiliki na kugawana mapato yake?

II. KASORO YA MSINGI: KULITAJA JIWE NA KUMFICHA MWENYE JIWE

Dhahabu haina mkono wa kusaini mkataba. Almasi haipangi kiwango cha mrabaha wala haihamishi faida kwenda kisiwa kisichotoza kodi. Hayo hufanywa na watu, na watu hao wana majina, wana vyeo na wana maslahi ya kitabaka. Nadharia inayozungumza juu ya madini bila kuzungumza juu ya umiliki imeanza kuhesabu kutoka mbili.

Ushahidi uko karibu. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi masikini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa. Mwaka huo huo wa 1967 sheria iliweka haki ya madini mikononi mwa taifa badala ya kuyaacha mali ya kila kabila, na katika miaka ya 1970 serikali ilidai na kupata nusu ya hisa za kampuni ya almasi. Mapato yakajenga shule, zahanati na barabara. Norwe nayo, ilipogundua mafuta Ekofisk mwaka 1969, iliunda shirika lake la umma mwaka 1972, ikawasomesha wahandisi wake, na mwaka 1990 ikaweka kisheria mfuko wa akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Hatusemi kwamba Botswana ni pepo. Wasan waliondolewa katika makazi yao ya Kalahari ya Kati, na mwaka 2006 mahakama ya nchi hiyo hiyo ikaamua kuwa walionewa. Soko la almasi lilipodorora mwaka 2023 na 2024, uchumi mzima ulitetereka, kwa sababu miaka zaidi ya 50 ya almasi haikuzaa nguzo ya pili ya kuutegemeza. Lakini mfano huu watosha kuivunja kauli ya laana. Kama laana imo ndani ya mawe, ingempata kila mwenye mawe. Laana inayochagua nani wa kumpata siyo laana, ni siasa.

Basi kwa nini nadharia hii ilipokelewa kwa shangwe? Tazama tarehe. Mwaka 1992 Benki ya Dunia ilitoa mkakati wake kuhusu uchimbaji wa madini katika Afrika. Shauri lake lilikuwa wazi: serikali ziache kumiliki na kuendesha migodi, zimpishe mwekezaji binafsi, zenyewe zibaki kutunga kanuni na kukusanya kodi. Nchi zenye madeni hazikuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Kwa hiyo, katika kipindi kile kile, sauti moja ilituambia tufungue milango tuchimbe haraka, na sauti nyingine ikaandaa maelezo ya matokeo: mkishindwa, siyo shauri letu baya, ni laana yenu na uongozi wenu mbovu. Daktari aliyekosea dawa amemwambia mgonjwa kuwa amerogwa.

III. KISIWA KATIKATI YA MASHAMBA

Nchini kwetu historia hii ni ya zamani kuliko nadharia. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, alipata almasi huko Mwadui, Shinyanga. Mwadui ukawa mji ndani ya uzio: nyumba zake, hospitali yake, shule yake, umeme wake, na walinzi wake. Nje ya uzio mkulima aliendelea kulima pamba kwa jembe la mkono. Williamson alipofariki mwaka 1958, hisa ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali ya kikoloni na kampuni ya De Beers. Almasi nyingi ilichambuliwa na kukatwa ng'ambo. Baada ya miaka zaidi ya 80, Shinyanga haijawa mji wa mafundi wa kukata almasi ambao dunia inawafuata.

Geita ni vivyo hivyo. Mgodi wa dhahabu uliokuwa mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha ukafungwa. Ulipofunguliwa upya mwaka 2000, ulianza kama vile hakuna kilichowahi kuwako pale: mtaji mgeni, mitambo migeni, wataalamu wageni. Miaka 30 ya uchimbaji wa kwanza haikuacha kiwanda wala tabaka la mafundi ambalo uchimbaji wa pili ungeweza kuanzia hapo.

Hiki ndicho tunachokiita uchumi wa kisiwa. Mtambo hutoka nje, na hata vipuri vyake. Dhahabu huondoka kwa ndege. Kinachovuka uzio kuingia kijijini ni mishahara ya wachache, vumbi, na bei mpya ya chumba cha kupanga. Mwalimu wa shule ya msingi huona nyumba aliyokuwa akiipanga ikichukuliwa na mfanyakazi wa mgodini. Mama lishe hupata wateja zaidi, lakini maji huyafuata mbali zaidi. Kijana huacha darasa kwenda kuponda mawe, na huosha dhahabu kwa zebaki mikono mitupu.

Na pale ambapo ardhi ya watu imekuwa ardhi ya kampuni, kisiwa hulindwa kwa nguvu. Bulyanhulu, Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa katika maduara yao ili kuipisha kampuni. Nyamongo, wilayani Tarime, Mei 2011, wananchi kadhaa waliuawa kwa risasi walipoingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu. Kuziita damu hizo laana ni kuzikosea heshima. Zilitokana na swali ambalo halikujibiwa kwa haki: nani mwenye ardhi, na nani mwenye kilicho chini yake?

IV. HESABU YA SHERIA YA 1998

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari.

Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu iliuzwa kwa takriban dola 270. Asilimia 3 yake ni dola 8 na senti 10. Mwaka 2011 bei ilipita dola 1,500. Asilimia 3 ya hizo ni dola 45. Kwa hiyo, kwa kiwango hicho, bei ilipoongezeka kwa dola 1,230, mrabaha wa umma uliongezeka kwa dola 37 hivi. Dola 1,193 zilizobaki zilikwenda upande wa mwenye mgodi kabla ya gharama zake. Kweli, gharama nazo zilipanda. Lakini nani alichimba zaidi, nani alivumbua zaidi, hata ongezeko hilo liwe lake? Hakuna. Bei ilipandishwa na soko la dunia, na dhahabu ilikuwako chini ya ardhi yetu tangu zamani.

Kodi ya mapato ingeweza kurekebisha hali hiyo. Lakini kampuni ziliruhusiwa kuondoa gharama zote za mtaji kabla ya kutozwa kodi, na kuibeba hasara kutoka mwaka hadi mwaka. Mingi ya migodi mikubwa ilipita miaka mingi bila kulipa kodi hiyo, huku dhahabu ikisafirishwa. Halmashauri za wilaya nazo zilifungwa na mikataba iliyoweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, mgodi uzalishe kidogo au uzalishe sana.

Hakuna mwamba ulioandika vifungu hivyo. Viliandikwa na wanasheria, vikapitishwa na wabunge, vikasainiwa na viongozi wetu. Ndiyo maana viliweza kubadilishwa. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, iliyoundwa mwaka 2007, iliyachunguza mambo haya. Sheria mpya ikaja mwaka 2010. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya mali asilia, mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzinunua. Kwa mkataba uliosainiwa Januari 2020 ilianza kampuni ya Twiga, yenye asilimia 16 za Serikali na asilimia 84 za Barrick. Kama madini yangekuwa na laana, kalamu isingeweza kuipunguza.

V. KUJIKOSOA

Hapa ndipo wengi wetu husimama na kupiga makofi. Na hapa ndipo panapotupasa kuendelea mbele.

Asilimia 16 siyo ujamaa. Hata asilimia 51 siyo ujamaa. Jirani zetu walitufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1969 Zambia ilitangaza kuchukua asilimia 51 za migodi yake ya shaba. Lilikuwa tendo la heshima. Lakini wahandisi, mipango ya mauzo na soko vilibaki mikononi mwa walewale, na nchi ikaendelea kula shaba peke yake. Bei ilipoporomoka mwaka 1975, hazina ikaporomoka nayo. Mitambo ikachakaa kwa kukosa fedha za kuitengeneza, uzalishaji uliokuwa umepita tani 700,000 kwa mwaka ukashuka hadi karibu tani 250,000 kufikia mwaka 2000, na migodi ikarudi kwa wenye mitaji.

Kongo ni somo zito zaidi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitaifishwa chini ya utawala wa Mobutu, na shirika la Gécamines likazaliwa mwaka 1967. Kwa karatasi mali ilikuwa ya umma. Kwa vitendo mapato yaliliwa na kundi dogo lililokaa juu ya umma. Mfanyakazi wa Katanga aliona bendera mpya juu ya lango la mgodi, lakini ndani ya lango hakuwa na sauti. Mali ya dola ambayo wananchi hawaioni katika daftari wala hawaisimamii ni mali ya mtu, hata kama jina lake bado halijaandikwa.

Sisi nasi tulianzisha shirika la madini la taifa, STAMICO, mwaka 1972. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeyataja madini miongoni mwa njia kuu za uchumi. Lakini Azimio hilohilo, liliposema ni vitu gani vinavyoleta maendeleo, lilivitaja vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Madini yamo ndani ya ardhi, na watu wametangulia. Kosa letu limekuwa kulichukua jibu la umiliki na kulisahau swali la watu. Tumebishana juu ya asilimia kama ndugu wanaogombania nyama ya mnyama mmoja, bila kuuliza kama kuna mwingine zizini.

VI. KIPIMO KINACHOTUFAA

Mahindi yakivunwa hupandwa tena. Pamba ikiuzwa mwaka huu, mwakani shamba liko palepale. Dhahabu ikitoka, imetoka. Kwa hiyo fedha za madini siyo mapato kama ya mavuno; ni mtaji wa taifa unaobadilishwa umbo. Ama unageuka kuwa shule, reli, umeme, viwanda na ujuzi wa watu, ama unageuka kuwa posho, magari na madeni. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili halina nyuki wa kulijaza tena.

Tukikubali hivyo, kipimo cha mgodi hakiwi tani wala wakia. Hata ile shabaha ya sekta ya madini kuchangia asilimia 10 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2025, ingawa haikuwa mbaya, haikutosha kuwa kipimo. Kipimo ni hiki: siku lango litakapofungwa, watu wa pale wataweza kufanya nini ambacho hawakuweza kukifanya kabla ya mgodi?

Nzega imekwisha kuulizwa swali hilo. Mgodi wa Golden Pride, wa kwanza katika migodi mikubwa ya kipindi kipya, ulianza mwaka 1998, ukatoa zaidi ya wakia milioni 2 za dhahabu, na miaka 15 hivi baadaye ukafungwa. Eneo lake likakabidhiwa Chuo cha Madini liwe mahali pa kufundishia. Hilo ni jambo jema, na huenda ndilo lenye thamani kuliko mengi yaliyofanyika pale, kwa kuwa ujuzi hauishi kwa kutumiwa. Lakini chuo kimoja kwa wakia milioni 2 ni malipo madogo. Buzwagi, huko Kahama, ulianza mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Eneo lake likapangiwa viwanda. Viwanda hivyo vikisimama, Kahama itakuwa imeshinda. Visiposimama, itabaki na shimo.

Na ipo hatari ya kubakiwa na kitu kibaya kuliko shimo. Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1994. Wenye faida wamekwisha kuondoka. Risasi imebaki katika udongo, na miongo kadhaa baadaye watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa wanapimwa damu na kukutwa na sumu ya kazi ambayo hawakuifanya wala kulipwa. Nasi tulionywa Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipobomoka na tope likafunika mashamba ya watu. Gharama za mgodi haziishii katika vitabu vya kampuni.

VII. WAJIBU WA KADA

Nadharia ya laana ina ubaya mmoja kuliko yote: inawafundisha watu kukaa. Aliyelaaniwa hutafuta mganga, hatafuti daftari. Kada anayekwenda katika kijiji, tawi la wafanyakazi au baraza la madiwani lililo karibu na mgodi asiende na maneno ya laana, wala na nyimbo za asilimia. Aende na maswali, na asitoke mpaka yamejibiwa mbele ya wananchi.

Mgodi huu una umri gani uliobaki, na nani ameambiwa? Ni vijana wangapi wa hapa wanaosomeshwa kazi ya fundi, mpima na mhandisi, siyo ya ulinzi na ufagizi tu? Ni vitu gani vinunuliwavyo na mgodi ambavyo wilaya hii ingeweza kuvizalisha, kuanzia chakula hadi vyuma? Wachimbaji wadogo, waliofunguliwa masoko ya madini tangu mwaka 2019, wana leseni, mikopo na vifaa, au wamebaki watumwa wa mwenye duara na mwenye fedha? Fedha zinazoingia halmashauri zimejenga nini kinachozaa, na taarifa yake imebandikwa wapi? Na fedha za kuufunga mgodi na kuisafisha ardhi ziko wapi leo, kabla mwenye mgodi hajaaga?

Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji watu waliojipanga na viongozi wasioogopa kuulizwa. Kiongozi anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Dunia sasa inatafuta nikeli na kinywe kwa ajili ya betri, na miamba ya nchi yetu inayo yote mawili. Wageni watakuja tena na mikoba, na watatukuta ama na mpango ama na mikono iliyonyooshwa. Mawe yetu hayajabadilika tangu Williamson alipoinama kuokota almasi yake. Wanaopaswa kuwa wamebadilika ni sisi.